Haboba Zamzamu na Mimba ya Ramadhani

Wanangu mnaoanza kazi ya uzazi wa mpango, nianze kwa kuomba radhi kwa mwandiko. Darasa la saba nililimalizia ukimbizini, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, upande wa Zaire, ambako kalamu moja ilizunguka dawati zima, na tangu siku hizo herufi zangu zinalala ubavu kama mtama baada ya mvua. Tahajia nayo ina mashimo. Mkifika mahali neno halieleweki, lisomeni kwa sauti. Mara nyingi sikio linajua kile ambacho jicho limekataa. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Naandika kidogo, naenda kuchambua maharage, narudi.

Muuguzi wenu mkuu alitaka nije kuzungumza nanyi ana kwa ana. Nilimwambia hapana, nitaandika. Nimefanya kazi kliniki mpaka nikastaafu, lakini macho ya watu wengi sikuyazoea. Nikitazamwa na zaidi ya watu wawili naanza kukunja ncha ya kitenge changu, na nikishaanza kukunja, maneno yanakwisha.

Naitwa Candiru, mtu wa Dadamu. Sikuwa muuguzi. Kwenye kliniki yetu ndogo ya Mvara, pale Arua, nilichemsha sindano, nilifagia, na nilitafsiri. Muuguzi alikuwa Sista Yunisi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alivua viatu kila alipoketi na kuvitafuta kwa miguu kila aliposimama. Yeye alijua Kilugbara na Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Mimi nilirudi kutoka Zaire na Kiswahili cha kule, na Kinubi nilikuwa nimekiokota kwa majirani wa ukimbizini. Kwa hiyo kila mwezi, siku moja ya soko, tulipanda lori kwenda Koboko, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia nikiwa nimekumbatia sufuria ya sindano kama mtoto mchanga. Tulifika sote wawili tukiwa wekundu kwa vumbi, na wanawake waliotungoja kwenye veranda waliyoazima kwa ajili yetu walitucheka kwanza, ndipo wakatusalimu.

Ninyi mnafungua karatasi, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na bomba za sindano za kioo. Ukiitia bomba baridi kwenye maji yanayochemka, inapasuka, na siku hiyo mnarudi nyumbani. Unaanza na maji baridi, unakoleza mkaa polepole. Kabla ya kuchemsha, unaivuta sindano kwenye pamba: ikinasa nyuzi, ncha imepinda, na itamchana mtu nyama. Dawa ya miezi mitatu ilikuwa nyeupe, wanawake wa Koboko wakaiita maziwa. "Sista, leo nimekuja kunywa maziwa." Maziwa hayo usipotikisa chupa vizuri yanabaki chini, na unamchoma mwanamke maji. Na mkishachoma, mwambieni asisugue pale mahali. Kusugua ni desturi yetu sote. Mkono unaenda wenyewe. Mimi nilikuwa naushika mkono wa mama na kumwuliza habari za watoto wake hadi asahau.

Sasa niwaeleze jambo la kitambaa, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa Hawa.

Sista Yunisi alikuwa na kanga moja ya kijani. Tukifika alinituma niitandike juu ya mkeka, na juu yake tulipanga vitu vyote: vidonge, kichupa cha maziwa, kondomu, kitanzi kile kidogo cha plastiki, na kipande cha uzi kilichofungwa fundo, maana yake kufunga kizazi. Mwanamke aliketi, akashika, akanusa akitaka, akauliza. Sista alinifundisha nisikae upande wa pili wa kanga kama mchuuzi. "Kaa upande wake," alisema. "Mtazame vitu pamoja. Sisi tumeleta bidhaa tu. Anayejua chakula cha nyumbani kwake ni yeye."

Kondomu zilikuwa kazi yangu, na mnajua sasa aibu niliyo nayo. Tulikuwa na mti uliochongwa kwa ajili ya kufundishia. Siku moja tuliusahau Mvara. Sista akaniambia niazime kitu chochote. Nikaenda jiko la jirani nikarudi na mchi wa kinu. Veranda nzima iligeuka kuutazama. Kisha mama mmoja muuza samaki akasema, "Binti, huyo ni mume wa nani? Wallahi, akipita hapa Koboko sisi wote tunahama!"

Walicheka hadi mmoja akalala chini. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba. Lakini mwezi uliofuata walikuja wengi zaidi kuliko kawaida, wakitaka kuuona mchi.

Mmoja aliyecheka siku ile huku akijishika kifua kwa kikohozi alikuwa Hawa.

Hawa aliolewa Koboko, kwenye nyumba ya Kinubi, nyumba ya askari. Baba mkwe, sajini, alikuwa amekufa katika mbio za mwaka sabini na tisa, serikali ya askari ilipoanguka, na nyumba ilibaki mikononi mwa mama mkwe, Haboba Zamzamu. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na kila mtu wa mtaa ule alimwita hivyo. Mume wa Hawa, Rajabu, alifuata malori ya mizigo kupitia Vurra hadi Aru na mbele zaidi. Walikuwa na binti mmoja, Zainabu, aliyeanza shule. Baada yake walipata mtoto wa kiume, akaumwa, wakamzika kabla hajatambaa. Ndipo Hawa na Rajabu wakaja Arua kupimwa. Wote wawili walikuwa na virusi vya UKIMWI. Wakati huo dawa za kuvituliza hazikuwa zimefika kwetu; watu walisema tu "silimu", yaani ugonjwa wa kukondesha, kwa sauti ya chini na kumaliza mazungumzo. Hawa alikuwa na kifua kikuu pia, na hicho angalau kilikuwa na dawa.

Haboba hakuambiwa. Alichojua ni kwamba Hawa alipatwa na kifua, na kwamba nyumba ya marehemu sajini bado haina mvulana.

Hawa alipoketi mbele ya kanga ya kijani, Sista alikaa naye muda mrefu. Vidonge aliviondoa mwenyewe, akaeleza kwamba dawa ya kifua kikuu inavipunguza nguvu na mimba inaweza kupita. Kitanzi, siku hizo, tuliagizwa tusimwekee mwenye virusi. Zikabaki kondomu, maziwa, na uzi wenye fundo. Kuna wakubwa hospitalini waliokwisha kumwambia kwamba kwa mtu kama yeye jibu ni fundo, hakuna kufikiri zaidi. Hawa aliushika uzi ule akauzungusha kidoleni.

"Sista," alisema, "mimi nimezika mtoto. Kizazi changu bado sijazika. Kama itafungwa, itafungwa siku nitataka mimi. Leo nataka nipone kifua, nimlee Zainabu. Nipe maziwa."

Nilitafsiri. Sista Yunisi akatafuta viatu vyake kwa miguu, akasimama, akatikisa chupa. Akampa na kondomu, yeye na Rajabu wazitumie pamoja na sindano, ili wasiendelee kuambukizana. Kisha akaeleza yote kama ipasavyo: huenda damu ikaja ovyo miezi ya mwanzo, halafu huenda ikakauka kabisa, usiogope, si ugonjwa, haiendi kujikusanya kichwani kama watu wanavyosema. Hawa alielewa. Sisi tuliridhika. Mimi na Sista tulikuwa watu wa kanisa la Mvara, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba Ramadhani itakuja.

Ikaja. Damu ya Hawa wakati huo ilikuwa imeshakauka.

Ninyi mnaotoka nyumba za Kiislamu mnajua, lakini wengine niwaeleze. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi wala haswali. Siku hizo atazilipa baadaye. Na katika nyumba yenye jiko moja, mama mkwe anajua. Haulizi. Anamwona mkwe akionja mchuzi mchana, basi amejua. Mwezi ule Hawa hakuonja mchuzi hata mara moja. Angeweza kusema ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula, lakini dawa za kifua alikuwa amezimaliza, kila mtu akamshukuru Mungu, na akisema bado anaumwa, ataulizwa: unaumwa nini? Kwa hiyo alifunga. Alidhoofika, akafunga. Haboba Zamzamu akatazama, akatazama, na mwezi ulipoandama kwa Idi alikuwa na hakika.

Mkwe wake ana mimba.

Hayo yote Hawa alitusimulia baadaye, na alivyokuwa akisimulia alikuwa anacheka na kufuta macho kwa pamoja. Siku ya Idi Haboba alimpa paja la kuku ambalo miaka yote lilikuwa la Rajabu. Akamkataza kuchota maji. Yeye mwenyewe, na magoti yake mabovu, alibeba ndoo kutoka kisimani, akimwambia kila aliyemkuta njiani, "Kijana wa sajini anakuja." Alinunua kitambaa cha kumfungia mtoto. Jioni alimkanda Hawa miguu.

"Mama, acha," Hawa alikuwa anamwambia. "Mimi hapana choka."

"Wewe nyamaza. Miguu iko yako, lakini mjukuu iko yangu."

Rajabu aliporudi na lori akakuta mama yake anabeba maji huku akiimba. Akamwuliza mkewe faraghani, "Umemwambia nini?" Hawa akasema, "Sijamwambia kitu. Mwambie wewe." Rajabu akapanda lori tena.

Basi miezi ikapita na tumbo likawa bapa kama sinia. Hofu ya Hawa ilikuwa hii, na alinieleza waziwazi: Haboba akigundua hakuna mimba, atadhani imeharibika, au mtu ameiroga, ataita waganga, ataita ndugu, nao watamtafutia Rajabu mke wa pili, msichana wa watu asiyejua lolote. Na yeye Hawa atarudishwa kwao, na Zainabu atabaki. Zainabu ndiye aliyekuwa kila kitu kwake.

Siku ya soko tulipofika Koboko, mtu wa kwanza kwenye mstari alikuwa Haboba Zamzamu. Alikuwa mfupi, mkavu, amejifunga shuka jeupe, na ameushika mkono wa Hawa kama mtu anayeshika mbuzi asikimbie. Hakuja kwenye mkeka wetu wa kanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma ya veranda ambamo Sista alipimia wajawazito, akaniita.

"Wewe mtoto wa Sista! Kuja hapa. Mwambie apime hii tumbo. Mtoto iko, lakini iko anajificha."

Hawa alinitazama. Ilikuwa pia tarehe yake ya maziwa. Mimi nikaanza kukunja kitenge.

Nilimwambia Sista kwa Kilugbara kila alichosema Haboba, na hofu niliyoiona machoni mwa Hawa nikaiongeza pale pale. Sista hakuonyesha kitu usoni. Alimlaza Hawa, akaweka mikono yake miwili juu ya lile tumbo bapa, polepole, kama anavyofanya kwa wote, akimpa Hawa nafasi ya kufikiri. Ninyi mtafika kwenye chumba kama hicho. Mtatamani kusema uongo mzuri, kwamba mimba ilitoka, pole mama. Au mtatamani kutoa ukweli ambao si wenu. Sista aliniambia, "Mwulize Hawa: nani azungumze, yeye au mimi, au tusiseme? Na umwulize kwa Kilugbara." Hawa alijua Kilugbara kidogo, kwa upande wa mama yake alikuwa mtu wa Maracha. Nikamwuliza.

Hawa aliketi kitandani. Alijifunika vizuri. Akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Mama, hakuna mtoto. Mimi nachoma sindano nisipate mimba. Damu imekauka kwa sababu ya sindano. Na nachoma kwa sababu..." Akamgeukia Haboba. "Mama, ile kifua haikuwa kifua peke yake. Mimi na Rajabu tuko na ile kitu."

Nje muuza samaki alikuwa anauliza kama leo tumekuja na mchi.

Haboba aliketi kwenye benchi. Alitazama ukuta, kisha akatazama miguu yake, miguu yenye vumbi la kisimani.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "maji yote ile nimebeba bure?"

Hawa aliinamisha kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda kikafika kooni, nikakimeza.

"Paja ya kuku umekula. Miguu nimekanda. Bure?"

"Nisamehe, Mama."

"Usiniambie nisamehe." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi nimeosha maiti ya dada yangu, ndiyo? Nimeosha na mtoto yake. Unafikiri mimi sijui ile kikohozi? Kila usiku nilikuwa nasikia kupitia ukuta, najifanya nalala. Ramadhani ikaja, nikaona umefunga mwezi yote, nikasema: Alhamdulillahi, si ile, ni mimba. Mutu anaweza kukohoa na mimba. Nilitaka iwe mimba, binti. Si kwa sababu ya kijana. Kijana ni maneno ya kusema kisimani."

Sista Yunisi alinigusa bega. "Anasema nini?" Sikuweza kutafsiri. Ni mara moja tu katika kazi yangu yote nilishindwa, na Sista hakuniuliza tena. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Haboba alimvuta Hawa, akamkalisha kwenye benchi kando yake, akamrekebisha mtandio kichwani kama anavyorekebishwa mtoto anayekwenda chuo cha Kurani. Kisha akatugeukia, na safari hii alikuwa mkali.

"Na nyinyi wawili! Mnampa mwanamke ya Kiislamu dawa ya kukausha damu, na hamwulizi Ramadhani iko mwezi gani? Akaenda kufunga na mwili ya mgonjwa ili mimi nisijue! Mngeniulia mtoto."

Hilo nilitafsiri, neno kwa neno. Sista Yunisi alivua viatu vyake, akaketi chini sakafuni, miguuni pa Haboba, akasema kwa Kiswahili chake cha nyanya: "Mama, iko kweli. Fundisha sisi."

Haboba akatufundisha. Alituambia kwamba damu ya matone ya miezi ya kwanza nayo ni shida yake, kwa sababu mwanamke hajui kama aswali au asiswali, na nyumba nzima inamtazama. Basi mwambieni mapema, na aende kumwuliza mwalimu mwanamke anayejua mambo hayo. Alituambia mwenye mume mwenye wake wengi anaogopa kitu tofauti na mwenye mume mmoja wa lori. Alitaka kushika kila kitu kwenye kanga. Kitanzi alikitazama kwa muda, akasema angekipata zamani asingezaa watoto wawili wakati wa kukimbia. Mmoja wao, alisema, yuko njiani bado, alizikwa kando ya barabara ya kwenda mpakani. Kisha akakirudisha kitanzi kwenye kanga.

Hawa alipata maziwa yake siku hiyo. Mkono wa Haboba ndio uliozuia mkono wake usisugue.

Hakuna mke wa pili aliyeletwa. Watu wa kisimani waliambiwa na Haboba kwamba sindano za kifua zimekausha tumbo la Hawa kwa muda, na anayetaka kujua zaidi aje amwulize yeye Zamzamu mlangoni. Hakuna aliyekwenda. Rajabu alipigiwa kelele na mama yake hadi akaanza kuchukua kondomu kwetu mwenyewe, akiangalia pembeni. Na Ramadhani iliyofuata, mchana, Haboba alimwita Hawa jikoni mbele ya wote, akampa mwiko, akasema, "Onja." Kila siku ya mwezi ule alimwonjesha, na kila jioni alimpelekea mzee kipofu wa jirani chakula kwa niaba ya mkwe wake, kuwa fidia ya siku asizofunga.

Rajabu alitangulia kufa. Haboba akafuata, kwa uzee wake tu. Hawa ndiye aliyemwosha. Alikuwa mwembamba lakini mikono yake ilikuwa na nguvu, na Zainabu, msichana mkubwa tayari, alimmiminia maji. Fundo lile la uzi Hawa hakulichagua kamwe. Kila alipofika kwetu alilitafuta kwenye kanga, akalizungusha kidoleni, akalirudisha mahali pake, na Sista Yunisi kila mara aliliacha palepale, kwa sababu lilikuwa lake kulichukua au kuliacha.

Mkono umechoka na maharage yanangoja. Lakini kabla sijafunga karatasi, nina ombi, nanyi msilipuuze kwa sababu ya mwandiko. Mnazo dawa ambazo sisi hatukuziona hata kwa ndoto, na vijiti vya mkononi, na mashine. Niandikieni, hata mistari michache, kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yangu. Niambieni: mwanamke anapoketi mbele yenu, mnakaa upande gani wa kanga? Na mwenye kufunga, mnamwuliza Ramadhani iko mwezi gani? Nikipata jibu la swali hilo la pili, nitalisoma kwa sauti. Kuna mtu ningependa alisikie, popote alipo na ndoo yake.